Simba wa Tokyo Ugenini: Tunahesabu Kumi Hadi Moja

Haya, tuanze. Kampuni ya mieleka ya New Japan Pro-Wrestling ilianzishwa na Antonio Inoki mwaka 1972, nembo yake ni simba, na kwa miongo kadhaa ilitamba nyumbani bila wasiwasi. Kisha ikaitamani Marekani, nchi ambayo ukoo wa McMahon, uliokuwa na kampuni ya WWE, ulikuwa umeshaishika mieleka yake kwa mikono miwili. Matokeo ya mieleka hii hupangwa, hilo kila shabiki analijua. Kisichopangwa ni mtu kutoa pesa mfukoni kwenda kuitazama, na ndipo utamu wa habari yenyewe ulipo.

Nimezipanga hatua kumi za safari hiyo, kuanzia inayonikera hadi ninayoipenda kuliko zote. Anayetaka Madison Square Garden ishike namba moja, anune mapema kabisa.

10. Dallas, Julai 2019

G1 Climax ni ligi ya kiangazi ya New Japan, ipo tangu 1991, na mwaka huo wakubwa waliamua kuifungulia nje ya Japani kwa mara ya kwanza. Wazo zuri! Ukumbi sasa: American Airlines Center, nyumbani kwa Dallas Mavericks, unaoweka watu wapatao 20,000. Waliokuja tarehe 6 Julai hawakufika 5,000. Kazuchika Okada na Hiroshi Tanahashi wanatoana jasho ulingoni, Lance Archer, mtoto wa Texas, anamshinda Will Ospreay mbele ya watu wa kwao, na nyuma yao safu kwa safu za viti zimebaki na giza. Mchezo mtamu, hesabu mbovu. Mwenye wageni hamsini hapiki pilau ya mtaa mzima.

9. Televisheni ya kuazima

Kuanzia Januari 2015 kituo cha AXS TV kilionyesha mapambano ya New Japan kwa Kiingereza, mwanzoni na Mauro Ranallo na Josh Barnett, baadaye Jim Ross akakishika kipaza sauti. Ross ndiye sauti ambayo Wamarekani wengi wamekua nayo. Kumsikia akimsifia Tanahashi kulimtosha mtu aliyekuwa anasitasita. Mwaka 2019 AXS ikanunuliwa na Anthem, wenye kampuni nyingine ya mieleka, Impact, na New Japan ikajikuta nje. Ilirudi 2022, lakini mashabiki waliopotea katikati hawakurudi wote. Nashukuru tu kwamba tangu Desemba 2014 ilikuwa na huduma yake ya intaneti, NJPW World, iliyoanza kwa yen 999 kwa mwezi. Hiyo hakuna wa kuja kuinunua usiku, ukalala nayo na kuamka huna.

8. Rahway, New York, Philadelphia

Mei 2011, siku tatu, kumbi ndogo, mashabiki wachache wenye moyo. Huko ndiko ulikozaliwa mkanda wa Intercontinental, na wa kwanza kuufunga kiunoni alikuwa MVP, Mmarekani, aliyemshinda Toru Yano kwenye fainali ya Philadelphia. Mkanda ulipofika Japani ukaja kuwa wa Shinsuke Nakamura, naye akaupandisha hadhi hadi ukapigania nafasi ya juu kabisa kwenye maonyesho ya Tokyo Dome. Wakati huo kampuni ilikuwa mikononi mwa Yuke's, watengenezaji wa michezo ya kompyuta. Januari 2012 ikanunuliwa na Bushiroad, wauza kadi za michezo, kwa yen milioni 500. Kwa kampuni yenye wanamieleka wa aina ile, hiyo ilikuwa bei ya kutupa!

7. Inoki na Ali

Utasema pambano lilipiganwa Tokyo, kwa hiyo limeingiaje humu? Limeingia kwa sababu siku hiyo Marekani ilikaa kitako kuitazama kazi ya New Japan kwa mara ya kwanza. Ni tarehe 26 Juni 1976, ukumbi wa Nippon Budokan, miezi ishirini tu tangu Muhammad Ali amwangushe George Foreman pale Kinshasa. Kwenye uwanja wa Shea, New York, watu zaidi ya 32,000 walikusanyika kuona mapambano yao na kufuatilia la Tokyo kwenye skrini.

Na waliona nini? Inoki alilala chali akamtandika bingwa wa dunia mateke ya miguu kwa raundi 15. Sheria zilizowekwa zilimfunga mikono, akatumia alichobaki nacho. Matokeo yakawa sare, watu wakazomea, miguu ya Ali ikavimba. Miaka mingi lilihesabiwa kuwa aibu. Mimi silioni hivyo. Leo mabingwa wa mapigano mseto wanapiga mateke ya namna ileile na wanashangiliwa. Inoki aliwahi mno, basi.

6. Mkanda wa Marekani

Fuata vizuri, maana hapa pana raha. Mwaka 2017 kampuni ya Japani ilitengeneza mkanda wa ubingwa wa Marekani. Wa kwanza kuutwaa: Kenny Omega, Mkanada. Wa pili: Jay White, kijana wa New Zealand, tena alimpokonya mwenzake Sapporo. Mmarekani halisi, Juice Robinson, aliupata wa tatu, Julai 2018, katika ukumbi wa Cow Palace karibu na San Francisco. Usiku huohuo Hiromu Takahashi aliumia shingo vibaya akipigana na Dragon Lee, akamaliza pambano na kushinda, kisha akakaa nje kwa zaidi ya mwaka. Namtaja kwa heshima.

Mkanda huo ulifanya kazi kubwa kuliko jina lake. Agosti 2021 Tanahashi aliuchukua Los Angeles, na kumwona mzee wa Tokyo ameushika juu mkanda wenye jina la Marekani, hapohapo Marekani, ni jambo la kusimama na kupiga makofi. Januari 2024 nafasi yake ilichukuliwa na mkanda mwingine.

5. Fulana nyeusi

Kabla kampuni yenyewe haijafika, nguo yake ilitangulia. Bullet Club ni kundi la wageni waliojikusanya Japani Mei 2013: Prince Devitt wa Ireland, Bad Luck Fale, Tama Tonga na Karl Anderson. Walikuwa na kiburi, fujo na fulana nyeusi yenye fuvu. AJ Styles alipoingia 2014, vijana wa Marekani ambao hawajawahi kuona pambano moja la Tokyo walianza kuivaa. Kufikia 2017 fulana za kundi zilikuwa zinauzwa kwenye maduka ya Hot Topic, yale yanayojaa matineja kwenye vituo vya biashara.

Tatizo la nguo ni kwamba aliyeivaa anaweza kuondoka nayo. Mwanzoni mwa 2016 Styles, Anderson, mwenzao wa kundi Gallows, na Nakamura waliaga na kwenda WWE karibu kwa pamoja. Omega akalibeba kundi begani. Mwaka 2019 Omega naye, pamoja na wenzake Young Bucks na Cody, wakahamia AEW, kampuni mpya ya mieleka ya Marekani. Mara mbili ndani ya miaka mitatu New Japan ilijenga nyota kwa jasho lake, Marekani ikaja na mkoba wa dola. Shika hoja hii, tutaihitaji kwenye namba moja.

4. Chicago, 26 Juni 2022

Itazame tena hiyo tarehe. Ni ileile ya Inoki na Ali, miaka 46 baadaye. New Japan na AEW waliandaa onyesho la pamoja kwenye ukumbi wa United Center, wakaliita mlango uliokatazwa, na Jon Moxley akamshinda Tanahashi katika pambano la mwisho. Mlango wenyewe ulikuwa umeanza kufunguka Februari 2021, KENTA, mwanamieleka wa New Japan, alipotokea ghafla kwenye televisheni ya AEW na kumshambulia Moxley.

Ulikuwa usiku wa shangwe, na Toronto mwaka uliofuata ukawa mtamu zaidi: Omega na Ospreay, kisha Bryan Danielson akimkaba Okada hadi akasalimu amri, huku mkono wa Danielson umeshavunjika. Lakini nyumba ilikuwa ya mwingine. Okada na Ospreay waliupita mlango huo na wakabaki upande wa pili. Mwaka 2024 wote wawili walikuwa mali ya AEW. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa. Hapa aliyepona ni mwenyeji peke yake.

3. Madison Square Garden

Tulia, usitupe viatu. Nimeiweka ya tatu kwa makusudi.

Tarehe 6 Aprili 2019, siku moja kabla ya WrestleMania, New Japan na washirika wao Ring of Honor waliujaza ukumbi ambao mieleka yake kwa miongo mingi ilikuwa ya familia ya McMahon peke yao. Watu 16,534. Tiketi zilipoanza kuuzwa Agosti 2018 ziliisha ndani ya dakika chache, na hakuna aliyejua nani atapigana na nani. Ilipofika Aprili, Omega, Cody na Young Bucks walikuwa wameshahama, na watu walikuja vilevile. Hilo ndilo linaloipa siku ile uzito: jina la simba lilitosha. Okada alimshinda Jay White na kuutwaa mkanda wa juu, karatasi za noti za bandia zenye sura yake zikidondoka kutoka darini.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu nusu ya onyesho ilikuwa ya Ring of Honor, na nusu hiyo ililegea hadi mashabiki wakaanza kupiga miayo. Na kwa sababu haikurudiwa. Onyesho la pili lilipangwa Agosti 2020, Korona ikalifuta.

2. Long Beach, 1 na 2 Julai 2017

Huu ndio usiku ambao ningetaka kila mtu auone. Januari mwaka huo, Tokyo Dome, Okada na Omega walikuwa wamepigana dakika zaidi ya 46, na mwandishi Dave Meltzer akalipa pambano nyota sita kwenye kipimo ambacho watu walidhani kinaishia tano. Marekani nzima ya mashabiki ikawa haina zungumzo lingine. Kampuni ikaitikia haraka: ukumbi wa mikutano wa Long Beach, California, viti zaidi kidogo ya 2,000, siku mbili. Tiketi zilifagiliwa.

Fainali ya mkanda mpya wa Marekani ilimkutanisha Omega na Tomohiro Ishii, mtu mfupi, shingo hana, na kurudi nyuma hakujui. Kuna kipande kimoja cha pambano hilo siwezi kukisahau. Wako kwenye ukingo wa ulingo, Omega amemkumba kwa nyuma na anataka kumtupa kwenye meza iliyo chini. Mikono ya Ishii imebanwa. Basi akafungua kinywa na kuing'ata kamba ya ulingo kwa meno, akashikilia hivyo, mishipa imemtoka shingoni. Ukumbi ulilipuka. Hakuna tafsiri iliyohitajika, hakuna mtangazaji aliyehitajika kueleza huyu ni nani. Aliyekuwa hamjui Ishii alimjua hapohapo.

Ukumbi mdogo uliojaa hadi mlangoni, wanamieleka wa kwao wakipigana kama wanavyopigana Osaka. Kila mara New Japan ilipofanya hivi Marekani, ilishinda. Ilifanya hivyo tena San Jose, Februari 2023, Mercedes Moné alipomshinda Kairi, na ilifaulu tena.

1. Dojo la Los Angeles

Naam. Namba moja haina tiketi wala fataki.

Machi 2018 New Japan ilifungua shule yake Los Angeles na kumkabidhi Katsuyori Shibata. Mtu huyu, Aprili 2017, alimpiga Okada kichwa kwa nguvu kiasi kwamba mlio ulisikika ukumbini kote. Alimaliza pambano, akaanguka nyuma ya jukwaa, na damu iliyovuja kwenye ubongo ikamlazimu afanyiwe upasuaji wa haraka. Kila mtu alidhani kazi yake imekwisha. Akapewa vijana.

Mafunzo ni ya Kijapani bila kupunguzwa hata punje: kuchuchumaa na kuinuka hadi miguu iishe, kufunga ulingo na kuufungua, bukta nyeusi, buti nyeusi, hakuna jina la mbwembwe, na kushindwa, kushindwa, kushindwa mpaka siku utakapostahili. Wakatoka Clark Connors, Alex Coughlin na Karl Fredericks. Fredericks akaenda Japani Septemba 2019 na kulinyakua kombe la vijana. Haikuwa mara ya kwanza mbegu kumea California: dojo la Inoki lililofunguliwa Santa Monica mwaka 2002 lilimpitisha Bryan Danielson, yuleyule aliyemkaba Okada Toronto.

Ndiyo maana naliweka juu. Nyota huuzwa, televisheni hubadili wenyewe, kumbi hukodiwa na kurudishwa. Mtu anayejua kufundisha akitoa wanafunzi kila mwaka, dola za Marekani zinaweza kuwachukua wawili na wengine watatu wakaja nyuma yao. Uongozi wa New Japan, ambao tangu Desemba 2023 ulikabidhiwa kwa Tanahashi mwenyewe, ukibaki na fedha za kitu kimoja tu ng'ambo ya bahari, ziende huko.

Na wewe msomaji, ukipata jioni moja, tafuta pambano la tarehe 4 Januari 2022, Tokyo Dome. Shibata alirudi kwenye pambano rasmi baada ya karibu miaka mitano, na aliyesimama mbele yake alikuwa Ren Narita, mwanafunzi wake wa Los Angeles. Lilikuwa limetangazwa kuwa la kukabana tu, bila kupigana. Kabla ya kengele Shibata akachukua kipaza sauti akasema litakuwa la mieleka kamili, na wakapigana. Halifiki robo saa.