Vichwa Vitatu na Masikio Yasiyokosea

Waheshimiwa wapiga besi wa mahotelini kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, mafundi wa redio, madereva wa tuktuk mliosimama mkidhani hapa pana harusi, na nyinyi mama zangu mnaouza viazi karai pale ukutani: tulieni. Anayesema nanyi ni Profesa. Cheo hiki sikupewa na chuo kikuu chochote, maana nilipovitazama vyuo vyote vya Pwani sikuona hata kimoja chenye mtu wa kunitahini. Ikanibidi niunde kamati, niiongoze, nijihoji, nijibu, na nijipitishe bila kupingwa. Cheti kilichapwa saiba, pale Malindi mjini, kwa rangi mbili. Atakayetaka kukiona atakiona baada ya mhadhara, kwa mbali.

Mada ya leo ni kichwa cha amplifaya ya gitaa la besi, lile sanduku linalokaa juu ya spika, lenye vifundo ambavyo kila mpita njia hujiona ana haki ya kuvizungusha. Msikichanganye na kichwa cha mpigaji, ambacho kwa wapiga besi wengi ninaowafahamu kazi yake ni kuvalia kofia.

Tuanze na tarihi, kwa sababu msomi asiyeanza na tarihi hana tofauti na muuza viazi karai. Samahanini, mama zangu. Zamani besi ilikuwa ile ya kusimama, kubwa kuliko anayeipiga, ambayo bado mtaiona kwenye vikundi vya taarab vya Unguja. Huko Marekani bwana mmoja, Everett Hull, akatia kipaza sauti ndani ya kigingi kinachoishikilia chini, na kampuni ya Ampeg ikazaliwa na kigingi hicho. Mwaka 1951 Leo Fender wa California akaishusha besi ikavaliwa begani, akaiita Precision, na mwaka uliofuata akaipatia amplifaya yake, Bassman. Lakini wapiga besi hawakuachiwa waifaidi. Wapiga gitaa la solo waliinusa, wakaidaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 duka la Jim Marshall mjini London likainakili, na nakala hiyo ndiyo mama wa makelele mengi ya roki. Nataka muelewe kwamba wapiga solo ni wezi kwa asili. Wa Watamu wamerithi tu.

Kisha mwaka 1969 Ampeg wakaleta SVT. Hapa naomba wenye kofia wazivue. Wati 300, valvu 14, uzito karibu kilo 40, hicho ni kichwa peke yake. Chini yake kuna kabineti ya spika nane za inchi kumi, ambayo wapigaji wenyewe huiita friji. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huohuo. Fikirini mtambo huo ungeletwa Kilifi wakati ule: daraja letu lilifunguliwa 1991, kwa hivyo ungevuka kwa feri, pamoja na mbuzi na magunia ya nazi, na nahodha angemtoza mpiga besi nauli ya familia nzima.

Mtauliza valvu ina nini. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati sauti ghafla. Inaikunja taratibu, na katika kuikunja inazalisha sauti nyingine za juu zinazoandamana na noti yenyewe, ndiyo sikio likaona kama noti imenenepa. Transista ya kawaida ni safi mpaka mwisho wa uwezo wake, na ikifika mwisho inakata kama karani saa kumi na moja jioni. Halafu kuna hivi vichwa vipya vyepesi, vya daraja D. Nanyi msicheke, D hii si ile ya KCSE mnayoifahamu kwa karibu. Hapa umeme unawashwa na kuzimwa mara laki kadhaa kwa sekunde, hakuna transfoma la chuma la kuvunja mgongo, na mtu anatembea na wati 500 ndani ya mkoba wa kubebea vitabu.

Sasa, kwa nini Malindi? Kwa sababu Malindi ina haki ya kihistoria katika jambo hili. Pale Ngomeni Waitaliano walijenga jukwaa lao la San Marco baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ikarushwa kutoka papo hapo. Tangu hapo mji huu unazungumza Kitaliano mpaka watoto wa ufukweni. Na Italia ndiko kwao Markbass, wenye vichwa vya rangi nyeusi na manjano, vingine hata kilo tatu havifiki. Kwa hivyo, kwa mantiki isiyopingika, sauti halisi ya besi ya Malindi ni ya Kitaliano. Anayebisha arushe setilaiti yake kwanza.

Lakini mimi si mtu wa maneno matupu. Nilifanya jaribio. Tulikutana kwenye baraza ya fundi mmoja wa redio, Majengo. Juu ya meza tukaweka vichwa vitatu: cha valvu, kilichobaki baada ya hoteli moja kufungwa, cha transista, ambacho jina lake limeliwa na kutu, na chepesi cha kisasa cha kuazima. Kabineti ilikuwa moja. Mbele ya vyote tukatundika leso kwa vibanio vya nguo ili nisione kinachowashwa. Mpigaji alikuwa kijana wa Kaloleni, kule walikotoka ndugu wa Them Mushrooms, na nilimwamuru apige kitu kimoja tu kila mara: besi ya Sina Makosa ya Les Wanyika, ile aliyoipiga Tom Malanga mwishoni mwa miaka ya 1970. Kama kuna mtu hapa asiyeijua besi hiyo, atoke polepole, asisumbue waliokaa.

Kabla hatujaanza fundi alifanya jambo la hujuma. Alichukua simu yake, akapima kishindo cha kila kichwa, akavisawazisha vyote vitatu. Alidai eti kinachopiga juu zaidi, hata kwa kiasi kidogo, husifiwa kuwa kina sauti nzuri zaidi, na kwamba wengi wanaosema wamesikia utamu wamesikia volyumu. Akaongeza kuwa hata ukiongeza wati maradufu, kutoka 300 hadi 600, unapata desibeli tatu tu, na kwamba ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji kama mara kumi ya wati. Hesabu hizi ni sahihi. Ila ni utovu wa adabu kuzitaja mbele ya mtu aliyekuja kulinganisha.

Kijana akapiga. Nikafumba macho. Nikasema: hii ni valvu, nasikia kioo kinavyopumua. Leso ikafunuliwa, ilikuwa transista. Mtu wa kawaida angetahayari. Mimi niliwaeleza waliohudhuria kwamba ile transista imekaa rafu moja na valvu kwa muda mrefu mpaka ikaiga tabia, na wakaandika.

Leso ikashushwa, kijana akarudia. Hapo sikusita hata kidogo. Nikasema: hiki ni kile chepesi, sauti yake ina wepesi wa kilo tatu. Leso ikafunuliwa tena. Vichwa vyote vitatu vilikuwa vimezimwa. Fundi alikuwa amechomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa yake ya harusi, na spika ilikuwa ile ya mikisa iliyokuwa nyuma ya kabineti. Nawaomba mpime jambo hili kwa haki. Nilisema kilo tatu, jibu lilikuwa kilo sifuri. Kutoka tatu hadi sifuri ni karibu zaidi kuliko kutoka 40. Kwa vipimo vya kisayansi, huo ni ushindi.

Raundi ya tatu ilivurugwa na stima. Kichwa cha valvu kilipowashwa kilianza kunguruma chenyewe, mmmm, kabla kijana hajagusa uzi. Mafundi wa kawaida husema hiyo ni athi, au waya mbovu, au vyombo viwili vimechomekwa soketi mbalimbali. Ni kweli. Lakini mimi niliona mbali. Stima ya Kenya inatetemeka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Ukibana uzi mnene wa besi kwenye kituo cha tatu unapata G, ambayo ni hezi 49. Mnaona? Nchi nzima, kutoka Vanga hadi Lokichoggio, inapiga G iliyopanda kidogo, usiku na mchana, bila malipo. Kijana alipopiga G yake, ile 49 na ile 50 zikapigana, na sauti ikawa inavimba na kunywea mara moja kila sekunde. Wote tuliisikia. Nilitangaza kwamba huo ndio uhai wa valvu. Fundi akachomoa plagi ya feni, akahamisha waya, uhai ukaisha. Kwa taarifa yenu, Wamarekani stima yao ni hezi 60, iliyokwama kati ya B-flati na B, haiko kwenye noti yoyote. Wana Ampeg, lakini Mungu hakuwapa G.

Nigusie chumvi. Hewa yetu hii, hasa kwa walio Gongoni karibu na viwanda vya chumvi, huingia ndani ya vifundo na kwenye jeki. Ukizungusha kifundo kinachakaracha, jeki inashika na kuachia, na wapo wanaonyunyizia dawa ya kusafishia. Mimi vyangu sisafishi. Mlio ule ni wa hapa, na asiye na kutu hajakaa Pwani.

Jambo la jengo nalipita mbio, kwa kuwa limenikera. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi ni hezi 41, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kwenye ukumbi wa saruji wimbi hilo linagonga kuta na kurudi, kona moja besi inadunda mpaka meno yanacheza, hatua chache pembeni inatoweka kabisa. Chini ya makuti, pasipo kuta, hairudi. Inakwenda zake baharini. Kichwa kilekile, vifundo vilevile, Jumamosi kinasifiwa kwenye makuti ya Watamu na Jumapili kinalaaniwa kwenye ukumbi wa Kilifi. Nimeandikia majengo yote mawili barua. Hayajajibu.

Kuhusu vifundo, sikilizeni nasaha ya mkubwa wenu. Baadhi ya Markbass zina kifundo kiitwacho VPF, ambacho hukata sauti za kati, karibu na hezi 380, na kuacha za chini na za juu zikitamba. Mimi nilikizungusha mpaka mwisho. Peke yangu chumbani ilikuwa sauti ya kutisha, vikombe vilitembea mezani. Tulipoanza Jambo Bwana hotelini, gitaa na kinanda vikakalia pale katikati nilipopaachia wazi, ngoma ikachukua chini, na kiongozi wa bendi akageuka kuuliza kama mpiga besi ameenda kula. Wajinga watasema sauti za kati ndizo zinazomfanya mpiga besi asikike ndani ya bendi. Mimi nasema besi yenye heshima zake haisikiki, inatambulikana.

Nakiri kulikuwa na tukio moja la nidhamu mbaya. Katikati ya jaribio, yule kijana wa Kaloleni alichoka kukaa namna moja, akasogeza mkono wa kulia kutoka karibu na daraja la nyuzi hadi karibu na shingo, akalegeza na kidole. Sauti ikabadilika. Ilibadilika zaidi kuliko ilivyobadilika tulipohama kutoka transista hadi mikisa. Kutoka mlio mkavu wa bango, ule wa kumsindikiza mpuliza saksafoni wa namna ya Mzee Ngala, hadi mlio mnene wa rumba, na hakugusa kifundo hata kimoja. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele upande wa pili wa barabara alinyanyua kichwa akasema, hapo sasa. Nilimkataza kijana asirudie. Matokeo ya namna hiyo yanaharibu jedwali.

Sasa maswali. Naona mkono wa mzee wangu pale nyuma, mwenye kibuyu cha mnazi. Anauliza: ikiwa ni kidole, ikiwa ni ukumbi, ikiwa ni stima, hivi vichwa tunavibeba vya nini? Swali limepokewa, limejadiliwa na kamati, na limekataliwa. Mwingine? Kijana wewe wa Ganze unauliza ununue kichwa kipi, na una elfu kumi na tano. Nunua spika nzuri, nyuzi mpya, na waya usiokatika. Hapana, futa hilo, sikulisema kama Profesa, lilinitoka kama mtu wa kawaida.

Mwisho ni matangazo. Kile kichwa cha valvu kinauzwa. Atakayekitaka aje na wenzake wawili na mkokoteni, na asije saa za jua kali. Cha transista siuzi, nimeshaanza kukizoea. Na kile cha raundi ya pili, ambacho hakikuwepo, chenye ile sauti nyepesi niliyoisifu, mwenye nia anione pembeni, bei tutasikizana.