Mgeni wa Mwaka 2017: Jinsi ya Kupokea Kiraka Kilichozeeka

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za Redmond, Microsoft huachia viraka vya usalama vya mwezi huo. Kwetu Afrika Mashariki wakati huo ni saa mbili usiku, au saa tatu kutegemea majira ya kwao, na fundi wa mtandao yuko nyumbani anakula. Atavikuta Jumatano asubuhi. Anafungua seva ya WSUS akitarajia sura mpya, na katikati yake anakuta kiraka cha mwaka 2017, cha Windows 7, kimetulia kama mjomba aliyekuja bila kupiga simu, begi lake limeegemea mlango.

Mwongozo huu ni wa Jumatano kama hiyo. Ratiba wahenga walishaipanga, nami nitaifuata ilivyo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kwanza tuijue nyumba yenyewe. WSUS ilipata jina hilo mwaka 2005, ikarithi huduma iliyoanza mwaka 2002. Seva moja ofisini inapakua kiraka mara moja kutoka Microsoft, halafu kompyuta zote za humo ndani zinakichota hapo, badala ya kila moja kwenda intaneti kivyake. Pale ambapo tawi zima la wilayani linategemea laini moja nyembamba au modemu ya bando, kupakua mara moja badala ya mara mia mbili kunaamua kama watu watafanya kazi siku hiyo au watakaa wakitazama kioo. Naipenda seva hii kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nataka ipokee wageni wake vizuri.

Siku ya kwanza, usimfukuze na usimpe chumba. Mkono ukae mbali na kitufe cha kukataa, na mbali zaidi na kitufe cha kuidhinisha. Kwa mipangilio inayokuja na WSUS, kinachofika ni maelezo ya kiraka tu. Faili lenyewe halipakuliwi mpaka uidhinishe. Mgeni ameketi sebuleni lakini hajala kitu. Bando lako lipo. Una nafasi ya kumhoji.

Anza na tarehe, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Safu ya kuwasili inaonyesha siku maelezo yalipofika kwenye seva yako, haisemi kiraka kilizaliwa lini. Cha Machi 2017 kinaweza kuwasili leo. Kisha soma namba yake, ile inayoanza na KB. Hiyo haibadiliki hata kiraka kikirekebishwa. Kinachobadilika ni namba ya marekebisho, nayo ina historia yake unayoweza kuifungua na kuisoma. Ukikuta imepanda, ujue huko kilikotoka kimeguswa. Mara nyingi yameguswa maelezo tu: kinazihusu kompyuta zipi, kinachukua nafasi ya viraka vipi, au kwamba muda wake umekwisha. Lakini kuna siku kinaguswa kitambaa chenyewe. KB4474419 kilitoka Machi 2019 ili Windows 7 na Server 2008 R2 ziweze kutambua sahihi za kidijitali za SHA-2. Mwaka huohuo kikatolewa upya zaidi ya mara moja, kwa namba ileile, kwa kuwa baadhi ya mashine zilihitaji mafaili ya kuwashia ambayo toleo la kwanza halikuwa nayo. Aliyekiona Septemba akasema "huyu nilimalizana naye Machi" aliacha mashine zake na kiraka pungufu.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya mgeni kurudi. Ya pili hutembea kwa miguu miwili. Kwenye mipangilio ya WSUS kuna orodha ndefu ya bidhaa, kila moja na kisanduku chake. Mtu akiweka tiki kwenye Windows Server 2012, seva ikiwasiliana tena na Microsoft itaagiza ukoo mzima, babu hadi kitukuu, na asubuhi utakuta mamia ya wageni ukumbini. Kwa hiyo kabla hujafungua logi, uliza ofisini. Na uliza kwa sauti ya kawaida.

Nasema sauti ya kawaida kwa sababu hii. Niliwahi kukuta foleni ya viraka vya Windows 7 kwenye seva niliyokuwa nikiitunza, na niliamini hatuna tena hata kompyuta moja ya Windows 7. Nikazama kwenye logi nusu siku. Mchana kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo akanisogelea.

"Shikamoo kaka. Ile tiki niliweka mimi."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Tawi la wilayani kompyuta yao ya stoo imekufa, wameitoa kabatini ile ya zamani. Nikaona itahitaji viraka vyake."

Alikuwa ameona tusichokiona sisi wote. Angeogopa kelele zangu, angenyamaza, nami ningevikataa viraka vyote kwa mkupuo mmoja na kuiacha ile kompyuta uchi. Nitairudia baadaye.

Sababu nyingine nazipitia haraka. Seva ikijengwa upya, karibu kila kitu kitaonekana kimewasili leo. Ndivyo ilivyo pia seva yako ikianza kuchota kwa seva mama tofauti. Ikirudishwa kutoka nakala ya akiba, itarudi na kumbukumbu za siku ile, pamoja na maamuzi uliyokwisha kuyabadilisha. Na Microsoft wakiondoa kiraka kipya chenye hitilafu, cha zamani kilichokuwa nyuma yake kinabaki peke yake mbele. Wageni wakiwa maelfu, seva yenyewe huanza kutweta: skrini ya usimamizi inakatika, kompyuta zinashindwa kuripoti. Hapo angalia kumbukumbu iliyotengewa WsusPool ndani ya IIS, maana kiwango chake cha awali ni takriban gigabaiti 1.8 na huzidiwa mapema. Iongeze, kisha safisha hifadhidata.

Kabla jua la siku ya kwanza halijatua, hakikisha mgeni ni mgeni kweli. Mwaka 2012 iligundulika kwamba kirusi cha Flame kilighushi sahihi ya Microsoft na kujipitisha kama sasisho la Windows. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa Black Hat huko Las Vegas, watafiti Paul Stone na Alex Chapman walionyesha kwamba seva ya WSUS inayozungumza na kompyuta zake bila usimbaji inaweza kuingiliwa njiani: mshambuliaji anachomeka sasisho la uongo linalobeba programu halali, iliyosainiwa na Microsoft wenyewe, ila amri inayoiendesha ni ya kwake. Mwaka 2024 Alon Leviev akaonyesha njia ya kuuteka mchakato wa masasisho na kuirudisha Windows iliyokamilika kwenye mafaili yake ya zamani yenye matundu, huku yenyewe ikiripoti kwamba iko kamili. Tena Oktoba 2025 ikawa zamu ya WSUS yenyewe. Udhaifu CVE-2025-59287 ulimruhusu mtu wa mbali kuendesha amri kwenye seva bila kuingia na nywila. Kiraka cha tarehe 14 hakikutosha, kikatolewa cha dharura tarehe 23. Kwa hiyo mgeni asiyeeleweka ni sababu ya kukagua mlango. Seva izungumze kwa HTTPS kupitia mlango 8531. Isionekane kabisa kutoka intaneti. Nayo iwe imeshonwa viraka vyake yenyewe kabla ya kugawia wengine.

Siku ya pili, tafuta nani amemwita. Hapa ndipo ninapotaka utulie zaidi ya kote.

Fikiria kiraka cha kweli, kile cha nguo. Fundi cherehani haulizi kitambaa ni cha mwaka gani. Anaitandaza suruali mezani na kutazama kama tundu bado lipo. Kwenye WSUS tundu linaonekana kwenye safu inayohesabu kompyuta ngapi zinakihitaji kiraka. Ikisoma sifuri, na kompyuta zako zote zimeripoti siku za karibuni, basi tundu lilikwisha kuzibwa na kiraka kikubwa zaidi kilichokuja baadaye. Mgeni huyo hana madhara. Hata ukimwidhinisha kwa bahati mbaya, kompyuta zitajipima, zitaona hazihusiani naye, zitaendelea na kazi zao. Utakuwa umepoteza bando na nafasi ya diski.

Ikisoma moja, inuka kitini.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka MS17-010, ambacho kwa Windows 7 kilibeba namba KB4012212. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikaingia duniani kupitia tundu lilelile. Kiraka kilikuwa na umri wa karibu miezi miwili. Nchini Uingereza zaidi ya theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma za England ziliguswa, miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Miaka kumi na minne kabla ya hapo ilikuwa vivyo hivyo: mnyoo wa Slammer ulisambaa dunia nzima kwa dakika chache tarehe 25 Januari 2003, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa Julai 2002. Mara zote mbili dawa ilikuwepo, imeandikwa, inapatikana bure, na kuna kompyuta ambayo hakuna aliyeikumbuka. Nikiona moja kwenye safu ile huwa siwezi kunywa chai yangu.

Kompyuta hiyo huwa ni nini? Mara nyingi ni mashine iliyojengwa upya kutoka nakala ya diski ya miaka mingi. Au laptopu ya mtu aliyerudi kutoka likizo ndefu ya masomo. Au ile iliyofungwa kwenye mashine ya maabara au mzani wa ghala, ambayo aliyeiuza alisema isiguswe, na kweli haikuguswa. Chukua jina lake kwenye ripoti, mpigie simu aliye karibu nayo, mwombe akwambie iko wapi na inafanya nini. Usiseme "kompyuta yenu ina tatizo." Sema "nataka kuitunza." Watu hufungua kabati wakisikia hivyo.

Siku ya tatu, jembe. Kiraka chenye kompyuta inayokihitaji kipewe kazi, lakini kwenye shamba dogo kwanza. Tenga kundi la majaribio la kompyuta mbili au tatu zinazotumika kweli, za watu uliowaambia usoni kwamba leo zao zitawashwa upya. Zikikaa siku moja au mbili bila lalamiko, idhinisha kwa wanaohusika. Ukiwa hapo, pitia kanuni zako za kuidhinisha kiotomatiki. Kuna mpangilio unaoidhinisha wenyewe marekebisho mapya ya kiraka kilichokwisha kuidhinishwa, na wengi hawakumbuki kama wameuacha umewashwa. Amua kwa akili yako kama unautaka.

Wasiohitajika waage vizuri. Kataa kile tu ambacho mrithi wake ameidhinishwa na amekwisha kufungwa kwenye kompyuta zote, kisha endesha kifaa cha usafi cha WSUS. Napinga kwa nguvu zangu zote zile skripti zinazokataa kila kilichorithiwa kwa usiku mmoja bila kutazama. Kompyuta iliyolala kabatini haiwezi kuruka hadi kiraka cha mwisho, inapanda ngazi. Windows 7 iliyolala tangu 2018 haitakubali viraka vya mwisho wa 2019 mpaka ipate kwanza KB4490628 na KB4474419, ambavyo ndivyo vinavyoifundisha kusoma sahihi mpya. Ukivitupa hivyo viwili kwa sababu ni vya zamani, umebomoa ngazi na kumlaumu aliye chini kwa kutopanda.

Mambo yote haya yaandike. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, namba ya KB, kompyuta iliyokihitaji, sababu ya kuwasili, uamuzi wako. Septemba 2024 Microsoft walitangaza kwamba WSUS haitaongezewa kitu kipya, ingawa inaendelea kufanya kazi. Siku utakapohamia mfumo mwingine, daftari ndilo utakaloweza kubeba.

Sasa ile kompyuta ya stoo. Nilikwenda wilayani na yule kijana kwa basi la asubuhi. Tulimkuta mama wa stoo ameifunika kitambaa cha kudarizi ili vumbi lisiingie. Alikuwa ameitunza kuliko sisi tulivyoitunza. Msaada wa Windows 7 ulikuwa umekwisha tangu tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili: ipande ngazi hadi kiraka cha mwisho kilichopo, na isiguse intaneti wala barua pepe, iwasiliane na seva yetu tu mpaka nyingine ipatikane. Kijana akaidhinisha vile viwili vya kwanza, vikafungwa, ikawashwa upya. Vilivyobaki tukaviacha vishuke usiku, laini ikiwa haina mtu.

"Mwanangu, haitafutika leja yangu?" akauliza mama.

"Haitafutika, mama. Nakala tumeshaichukua, hii hapa."

Akaichukua ile flashi, akaifungia kwenye droo yenye funguo, akaturudishia kitambaa tukakitandaza wenyewe juu ya kioo. Asubuhi yake nilifungua seva. Ile safu ilisoma sifuri kwa KB zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa inasubiri kuwashwa upya. Nikampigia mama wa stoo.