Ovataimu ya Nanami

Kama mchoraji Gege Akutami alikuwa na hamu ya kuua mtu, kwenye hadithi yake wamejaa vijana wenye nywele za ajabu ambao hawajawahi kulipa kodi ya nyumba hata ya mwezi mmoja. Angechagua mmoja wao, nami ningesoma nikalala. Lakini hapana. Katika juzuu ya 14 ya Jujutsu Kaisen kamfuata Kento Nanami, mtu pekee kwenye hadithi nzima mwenye akili za mtu mzima.

Nieleze kidogo kwa ambao nyumba zao hazina mpwa wa kidato cha tatu. Hii ni manga iliyoanza mwaka 2018 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump la Japani. Kijana Yuji Itadori anameza kidole cha jini kongwe aitwaye Sukuna, na jini akapanga chumba mwilini mwake. Mwanzoni inachekesha. Kisha inafika Shibuya, mtaa wa Tokyo, usiku wa tarehe 31 Oktoba 2018, watu wamejaa kwa sherehe ya Halloween, na hapo kicheko kinafungiwa nje.

Kwenye juzuu hii Sukuna kashalishwa vidole vya kutosha, kaushika mwili wa kijana wa watu na kuanza kuutembeza. Anapigana na Jogo, pepo mwenye kichwa cha volkano, halafu anakutana na Mahoraga, ambaye juu ya kichwa ana gurudumu; likizunguka tu, pigo lililomuumiza mwanzo halimuumizi tena. Tabia hiyo naijua, mende wa jikoni kwangu wanayo. Lakini mapigano yenyewe, jamani! Kurasa kwa kurasa ni mistari, vumbi na wino mweusi.

"Huu mkono wa nani?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Wa Mahoraga, Mjomba."

"Na huu?"

"Huo ni moshi."

Kummaliza Mahoraga, Sukuna anafyeka kila kitu ndani ya mita 140 kutoka aliposimama, na inasemekana hapo amejizuia. Mita 140 kutoka mlangoni kwangu unamaliza genge, bucha, kinyozi na foleni nzima ya bodaboda. Watu waliokuwemo kule Shibuya walikuja kusherehekea tu. Mpwa wangu akasema hiyo sehemu ni kali. Nikamwambia akalale.

Haya, hayo yote ningesamehe. Nanami sisamehi.

Huyu bwana aliwahi kuajiriwa kwenye kampuni ya hisa, akaona kazi ya ofisi ni upuuzi, akarudi kupambana na mapepo, akaona nako ni upuuzi, akabaki kwenye upuuzi anaouweza. Anavaa suti na tai. Saa anaiangalia. Ovataimu anaichukia waziwazi, mbele ya watu, jambo ambalo mimi nimelishindwa kwa utumishi wangu wote. Tena kajiwekea nadhiri: ndani ya saa za kazi anabana nguvu zake, muda ukipita zinapanda. Huku kwetu muda ukipita kinachopanda ni njaa. Bosi wangu, ambaye simtaji kwa kuwa mshahara bado haujaingia, hupenda kutukumbuka saa kumi na nusu jioni akiwa na jambo dogo tu.

Sasa tazama. Pazia la kichawi linaloifungia Shibuya linashuka saa moja usiku. Maana yake tangu dakika ya kwanza Nanami yuko kwenye ovataimu! Anaungua nusu ya mwili, na bado anatembea ndani ya stesheni akifyeka viumbe waliokuwa binadamu jioni ile, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemalizia mafaili. Kichwani anawaza Malaysia. Kuantan, nyumba karibu na bahari, na vitabu alivyonunua asipate nafasi ya kuvisoma. Kisha pepo aitwaye Mahito anamwekea mkono kifuani. Hapo nikakifunga kitabu nikaenda kunywa maji, maana mimi pia nina vitabu.

Na anayempa Nanami kazi hizi za usiku ni nani? Ni mchoraji ambaye naye alitakiwa kutoa karibu kurasa 20 kila wiki, hadi Juni 2021 hadithi ikasimamishwa ili aangalie afya yake, akarejea Agosti. Kwa hiyo anaijua ovataimu vizuri kabisa, na bado kaifanyia hivyo suti ya mwenzake. Hiyo ndiyo juzuu bora ya mfululizo mzima hadi nilipofika, na nasema hivyo kwa kinyongo.

Mfululizo ulikwisha Septemba 2024, na juzuu zote ni 30. Wewe uliyezimaliza, tafadhali, tukikutana kwenye daladala niulize hali ya nyumbani, uliza hata bei ya nyanya. Usiniambie nani mwingine kafa.