Matabibu wa Kompyuta Yangu

Mtu akishikwa na homa mjini Singida huulizwa kwanza kama amekwenda kupima. Ama kompyuta ikiugua, haipimwi kamwe, bali hutibiwa papo hapo na yeyote apitaye mlangoni, awe na ilimu ya mashine au asiwe nayo.

Yangu ilizembea hata ikawa naiwasha alfajiri, nabandika chai, nainywa, nasoma gazeti la jana hadi matangazo ya zabuni, ilhali yenyewe ingali ikizungusha kile kiduara chake cha kuomba subira. Jirani yangu muuza mafuta ya alizeti alihukumu kuwa ni virusi, akaapa. Mwalimu mstaafu alimpinga, akanena kwamba picha ndizo zilizoilemea. Nami kwa kumstahi nikafuta picha za kuku wangu wote wa kienyeji, majogoo hata vifaranga, na mwendo usiongezeke chembe. Mpwa wangu akataka niongeze RAM, na huyu, kwa insafu, hakunena upuuzi, maana programu zikizidi nafasi ya RAM mashine huazima nafasi katika diski, na diski ya kuzunguka, ijapokuwa hukimbia mizunguko 5400 kwa dakika, mbele ya RAM ni kobe. Lakini RAM ilikuwa tele.

Hatimaye niliipeleka kwa fundi wa karibu na stendi, kijana mchache wa maneno, ambaye hakuuliza habari za virusi wala za picha, bali alitega sikio ubavuni mwa mashine, akasema, “Mzee wangu, feni hii inapumua kwa taabu.” Alipoifungua tukakuta humo ndani vumbi la kiangazi kizima, lile ambalo upepo wetu hulichota katika mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa na kuligawa kila nyumba pasina upendeleo, limeshikamana na manyoya ya kuku, likaziba njia ya hewa. Akanifahamisha kuwa prosesa nyingi, joto lake likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia mwendo kwa makusudi zisije zikaungua. Kumbe mgonjwa alikuwa na busara kuwashinda matabibu wake wote.

Brashi, kipulizio na dawa mpya ya kupitisha joto vikamaliza kazi. Muuza mafuta hadi leo huwaambia wateja kwamba dua yake ndiyo iliyofukuza virusi.

Nawe msomaji wa Manyoni, Ikungi au Kiomboi, kabla hujafuta picha za kuku wako, weka kiganja pale hewa itokapo: ikiwa ni haba na ya moto, itafute bisibisi.