Kipande Kinachoweza Yote

Wenzetu wanaoshindana kwa pia za Beyblade, zilizozaliwa Japani mwaka 1999, wana tabia nzuri. Pia zao huunganishwa kwa vipande: kimoja cha kugonga, kingine cha kudumu kikizunguka. Kikitokea kipande kinachoweza yote, kila mtu anakuja nacho na mashindano yanadorora. Basi waandaaji hukipiga marufuku, bila hata kukiandalia hafla ya kukiaga.

Kwetu Igunga, pia ya watoto ni kijiti kilichochongwa, chini kimepigwa msumari. Mtoto anaizungushia kamba, anaiachia, ikilegea anaichapa. Cha kupiga marufuku hapo labda ni kisu cha mama kilichochukuliwa bila ruhusa.

Sheria ya kupiga marufuku kinachoweza yote tunaihitaji sisi wakubwa. Kila mtaa una bwana wake anayeweza yote: mwenyekiti wa kamati ya harusi, mweka hazina wa msiba, msimamizi wa ujenzi wa choo cha shule, na mkutanoni ndiye msemaji wa wanaolalamikia choo hicho. Kwenye uwanja wa mpira tungemwita kiraka, mchezaji wa kila nafasi, na kumpigia makofi. Wanasiasa nao ni hivyo hivyo: mbunge wetu Rostam Aziz alipojiuzulu Julai 2011, uchaguzi mdogo wa Oktoba ulituletea wageni wa kila chama, na jukwaani kila mmoja alikuwa mkulima, mfugaji na mcheza ngoma kwa pamoja. Kura zilipohesabiwa, jembe halikuonekana tena.

Kamati ya choo ikiundwa upya, jamani, mchagueni anayejua kazi moja tu: fundi.