Mhadae Mbwa Wako Anayeogopa Kuachwa

Tukubaliane kwanza: kazini lazima uende, na mbwa kuhamia ofisini haiwezekani. Sasa yeye kila ukitoka anapaparika, anabweka mpaka majirani wanampigia mwenye nyumba, anakwaruza mlango, anakojoa sebuleni. Hotuba hazimfai mbwa wa namna hii. Ulaghai unamfaa, na kila uongo ninaokupa hapa ni kwa faida yake.

1. Mpeleleze. Weka simu ya zamani juu ya kabati, washa kamera, ondoka. Wengi tunapenda kuamini kwamba mbwa alitafuna kiatu kutulipizia kisasi, maana kuchukiwa nako kunampa mtu umuhimu. Video itakuonyesha ukweli. Mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa: anahema, udenda unamtoka, anauandama mlango uleule uliopitia wewe. Akilala saa mbili ndipo aamke kutafuna mto, huyo huenda amechoshwa tu na kukosa la kufanya. Mtembeze zaidi alfajiri.

Na ule uso wa kujuta unaoukuta jioni? Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alionyesha kwamba mbwa huuvaa uso huo kwa sababu tunamgombeza, hata pale ambapo hajakosa lolote. Kwa hiyo weka fimbo chini. Ukimchapa, ataogopa kuondoka kwako na kurudi kwako pia.

2. Vuruga ushahidi. Mbwa anajua safari yako kabla hujamaliza chai: amesikia funguo, ameona viatu vya kazi, amenusa manukato. Mchanganye. Jioni zichezeshe funguo, kisha kaa utazame taarifa ya habari. Vaa viatu vya ofisini ukaunge maharage jikoni. Beba begi la kazi mpaka chooni, urudi nalo. Endelea hivyo siku kadhaa, hadi ishara hizo zisimwinue hata sikio.

3. Ondoka kwa kuibia. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiparuke. Toka, funga mlango, hesabu hadi tano, ingia kimya. Akizoea, fanya nusu dakika, kisha dakika mbili, kisha tano. Mara nyingine punguza, asije akakariri mpangilio. Siri ni kurudi kabla hajaanza kulia. Akilia, jua umezidisha; kesho anza chini zaidi. Jirani atakuona ukitoka na kuingia kama aliyesahau kitu kila dakika, mwache ajiulize. Ukishavuka kama dakika arobaini akiwa ametulia, saa zinazofuata huja kwa urahisi zaidi.

Katika majuma hayo ya mafunzo usimwache peke yake muda mrefu kuliko anavyoweza kustahimili. Omba msaada bila haya: dada wa nyumbani, shangazi aliyestaafu, kijana wa jirani anayependa mbwa. Siku moja ya taharuki inaweza kubomoa ulichojenga.

4. Toa hongo. Tafuta ule mpira mgumu wenye tundu katikati, ujaze nyama ya kusaga iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ugandishe usiku kucha, umpe unapofika mlangoni. Ukitumia siagi ya karanga, soma lebo kwanza: yenye zailitoli, ile sukari mbadala, inaweza kumuua mbwa. Asipoigusa hongo kabisa mpaka urudi, hofu yake bado ni kubwa; rudi hatua ya tatu.

5. Kufuli si njia ya mkato. Ukimfungia mbwa mwenye hofu katika kreti ya chuma, anaweza kuvunja meno na kucha akitafuta pa kutokea. Ukimfunga mnyororo karibu na ukuta, akiruka anaweza kujinyonga. Mpe chumba alichokizoea, chenye maji ya kutosha na dirisha lenye nondo. Ondoa waya, dawa ya binadamu na sumu ya panya. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi Februari, anayepaparika ndani ya chumba kisicho na hewa anaweza kufa. Washa feni.

6. Usijifanye daktari. Hasa usimpe paracetamol ya kabatini ili alale, maana ni sumu kwake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na ile video yako. Itamweleza mengi kuliko wewe. Ziko dawa za kweli za hofu hii. Fluoxetini, kwa mfano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa mbwa wa aina hii, itumike pamoja na mafunzo. Huchukua majuma kadhaa kuonyesha matunda, basi usikate tamaa siku ya tatu.

7. Futa maagano. Najua unapenda kukumbatiwa mlangoni, kuambiwa kwa mkia kwamba dunia haiendi bila wewe. Jinyime. Ondoka bila neno. Ukirudi weka begi, nawa mikono, subiri mpaka miguu yake yote minne iwe sakafuni, ndipo umwite jina lake kwa sauti ya chini na umkune nyuma ya masikio muda wote mnaotaka.