Njuga Iliyomkimbiza Mtu wa Tanga

Jumapili moja ya Novemba, kwenye shamba lililotoka kulimwa huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mtu mzima mwenye mvi ndevuni alionekana akitimua mbio kwenye matope, sepeto ameliweka kichwani kama kofia. Mtu huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Nyuma yake, ndani ya kishimo kisichozidi shibiri moja, alikuwa ameacha kitu cha mviringo, ukubwa wa ndimu, kimeota ukijani wa shaba ya kale, kina mpasuko chini na herufi mbili: RW.

Asichekwe upesi. Anga la Kent lilikuwa njia ya ndege za Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hadi leo majembe huko hufukua mabomu ambayo hayajalipuka. Kitu cha mviringo chenye herufi, ardhini, Kent: hesabu ilikuwa fupi na miguu iliimaliza kabla ya kichwa.

Jirani yake, mzee mstaafu aliyemwazima mashine ya kutafutia metali na kumwombea ruhusa kwa mwenye shamba, alikiendea kile kitu taratibu. Akakiokota. Akakitikisa karibu na sikio. Kikalia.

Ilikuwa kengele ya mnyama. Herufi RW ni za Robert Wells, mfua kengele wa Aldbourne, Wiltshire, katika karne ya 18, na ndani yake kigololi cha chuma kilikuwa bado kinacheza baada ya miaka zaidi ya 200 udongoni. Mzee akaeleza kwa kirefu jinsi kengele hizi zilivyovishwa kondoo na farasi, kisha akauliza kama kwao Afrika kuna kitu kinachofanana nazo. Hapo mwandishi alitamani shimo liwe refu zaidi, aingie. Kitu kile kina jina kwa Kiswahili, tena jina fupi: njuga. Mtu aliyezaliwa Tanga, aliyeona njuga zikilia miguuni mwa wacheza ngoma kabla hajajua kufunga kamba za viatu, alikuwa amekimbia njuga.

Kosa si la mashine. Koili iliyo mwisho wa fimbo hutoa usumaku, metali iliyofukiwa huzua mkondo mdogo wa umeme, na mwenye kuvaa vipokea sauti husikia mlio. Basi. Mashine hujua kwamba kuna metali. Kujua ni metali gani na ya kazi gani imemwachia binadamu. Mbaya zaidi, kile kidude cha kufungulia kopo la soda hulia karibu sawa na pete ya dhahabu. Kwa miezi mitatu mwandishi alichimbua vidude hivyo vya kutosha kuwavisha maharusi wote wa Pangani.

Vilivyobaki vilikuwa na majina makubwa, kwa kuwa aliyevipa majina ni yeye mwenyewe. “Mkuki wa Kirumi” ulikuwa jino la haro. “Muhuri wa mfalme” ulikuwa kipande cha risasi kilichofungia robota la nguo. “Taji”, ambalo alilipeleka nyumbani limefungwa kwenye taulo safi ya mkewe, lilikuwa ukingo wa bomba la jiko. Uingereza na Wales zina mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na raia, ulioanza 1997 na kuendeshwa kutoka British Museum, na rejista yake imeshapita vitu milioni moja na nusu. Afisa wa mpango huo, akitumiwa picha, alimjibu kila mara kwa upole, na kila mara kwa neno lilelile: kilimo. Kinaonekana cha kilimo. Huenda ni cha kilimo.

Kinachomnyima mtu usingizi ni kwamba kuna siku si kilimo. Mwaka 1992, kijijini Hoxne, Suffolk, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake mwenye mashine amsaidie kuitafuta. Rafiki akaibuka na hazina ya Kirumi: sarafu karibu 15,000 za dhahabu, fedha na shaba, bangili, vijiko, na kidude cha kunyunyizia pilipili manga chenye umbo la mwanamke. Nyundo nayo ilipatikana, na imehifadhiwa British Museum pamoja na hazina yenyewe. Nyundo ya kawaida kabisa, sifa yake ni kupotea mahali pazuri.

Wengine hukosea kwa upande wa pili. Huko Australia, mwaka 2015, mtu mmoja alipata kwa mashine yake jiwe jekundu la kilo 17 karibu na Maryborough, eneo maarufu kwa dhahabu. Akaamini dhahabu imo ndani. Akalijaribu kwa msumeno, kwa keekee, kwa tindikali, akamalizia na nyundo kubwa. Jiwe halikutoa hata chembe. Alipochoka alilipeleka makumbusho ya Melbourne, akaambiwa ni kimondo chenye miaka bilioni 4.6, jamaa wa mbali wa kile chetu cha Mbozi.

Kisa kinachomuuma mwandishi kama mtu wa pwani hakina hata mashine. Mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada visiwani Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu 9. Akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 alipozituma kwa wataalamu, 4 zilikuwa za Kiholanzi na 5 zilikuwa za Kilwa, za enzi ya masultani wake. Zilivukaje Bahari ya Hindi hadi kule? Wasomi wangali wanabishana. Miaka 35 shaba ya Kilwa imekaa koponi, huku mtu wa Tanga akingojea kuja kukimbia njuga ya Mwingereza.

Sasa kuna suala la mlango wa jikoni. Mwandishi alileta nyumbani kipande kizito cha chuma kilichopinda, afisa akasema kilimo, na mama watoto akakitumia kuzuia mlango usijibamize. Mambo yalikuwa shwari mpaka mwandishi aliposoma habari za East Rudham, Norfolk. Huko, mwaka 2002, jembe liliibua kipande cha metali kilichopinda, na mkulima akakitumia miaka kadhaa kuzuia mlango wa ofisi, nusura akitupe. Kumbe ni jambia la ibada la miaka 3,500 hivi, lisilowahi kunolewa, likapindwa makusudi kabla ya kufukiwa. Mwaka 2014 makumbusho ya Norwich yalilinunua kwa karibu pauni 41,000.

“Lile ni la shaba nyeusi, baba watoto,” mkewe alimkumbusha, akibandika sumaku ya friji kwenye chuma chao. Ikanasa, tena kwa kishindo.

Mwandishi aliitazama ile sumaku kwa muda. Kisha akaenda kupiga picha nyingine, safari hii kwa mwanga wa asubuhi, amtumie afisa kwa mara ya tatu.